Kwa Baiskeli Mpaka Kidahwe, na Khabari za Mbegu

Ndugu Wanachama,

Baadhi yenu mmetuuliza kwa nini sisi watu watatu, tuliotumwa Kigoma kuangalia kilimo cha michikichi, tulitumia siku nzima juu ya baiskeli. Jawabu ni hili, na tunaomba mlisome mpaka mwisho kwani linahusu miche yenu.

Tulikodi baiskeli karibu na stesheni ya Kigoma, mahali ilipofika reli ya kati mwaka 1914, tukaenda Ujiji kwanza. Tulionyeshwa pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, penye ukumbusho na miembe. Wageni wengi huishia hapo. Sisi tulikaa zaidi kuitazama njia ya zamani ya misafara, maana pembe na watumwa kutoka ng'ambo ya ziwa walipita Ujiji na Tabora mpaka pwani, na baadhi ya watu hao wakavushwa kuja kupanda na kuchuma karafuu Unguja na Pemba. Mmoja wetu alisema polepole kwamba bibi wa bibi yake alikuwa Mmanyema. Hatukumwuliza zaidi, tukapanda baiskeli.

Kutoka Kigoma mpaka Kidahwe ni kama kilomita 30, ambazo kwa mtu aliyezoea vilima vya Pemba si ajabu, ila mpira wa nyuma wa Katibu ulipasuka njiani na solosheni hatukuwa nayo. Kidahwe barabara hugawana, moja yaenda Kasulu na nyingine Uvinza kwenye chumvi. Tulikula ugali na migebuka iliyopikwa kwa mawese, kisha tukapelekwa kwenye shamba la mzee mmoja.

Sasa ndiyo khabari yenyewe. Mchikichi wa zamani, uitwao Dura, tunda lake lina kokwa yenye gamba nene na nyama kidogo, basi mafuta yake ni machache. Upo mwingine, Pisifera, usio na gamba, lakini kwa kawaida mikungu yake huharibika kabla ya kukomaa. Wataalamu, kama wale wa kituo cha utafiti cha Kihinga, huchukua chavua ya Pisifera wakaitia katika ua la Dura, na mtoto wao ni Tenera, mwenye gamba jembamba na nyama nyingi. Hiyo ndiyo mbegu inayosifiwa.

"Wanangu," alisema yule mzee, "niliona Tenera ya jirani imezaa, nikaokota chikichi zake nikapanda eka mbili." Hapo ndipo alipokosea. Tenera ikizaana na Tenera, kwa wastani katika kila mbegu 4, moja hurudi kuwa Dura, mbili huwa Tenera, na moja huwa Pisifera. Nayo miche midogo haitambulikani kwa macho, lazima ungoje tunda. Tulimkuta akikata. "Kukata nitakata," alisema, "lakini ile miaka niliyopalilia nani atanirudishia?"

Mwenzetu mmoja alikwisha jaza mfuko wa chikichi apeleke Pemba. Alizimwaga pale pale.

Mkarafuu si hivyo. Ua lake kwa sehemu kubwa hujichavusha lenyewe, na mche hufanana na mama yake. Hii ni faida, na pia ni hatari, maana mama mbaya naye huzaa watoto kama yeye, na sisi tumezoea kuokota mete chini ya mti wo wote ulio karibu na nyumba. Mkarafuu asili yake ni Maluku, mchikichi ni Afrika ya Magharibi, na leo Indonesia inaongoza kwa yote mawili. Hawakufika huko kwa kuokota.

Basi kila mwanachama atakayetaka miche na achague sasa mikarafuu michache iliyozaa vizuri kwa misimu kadhaa, aifunge kitambaa, na kila mmoja aache tawi bila kuchuma, kwani karafuu ikichumwa haiwi mete. Twajua ni hasara ya kilo kidogo. Mete ipandwe mbichi, maana ikikauka haioti.

Tulirejea Kigoma baada ya magharibi, baiskeli moja ikisukumwa. Mwenyewe alitutoza fedha ya mpira, na stakabadhi iko kwa Mweka Hazina.