Paa la asbesto: weka nyundo chini kwanza

Ukipanda matatu kutoka Nyamira ukapitia Ekerenyo hadi huku kwetu Ikonge, inua macho utazame mapaa. Kati ya mabati mapya yanayometameta utaona hapa na pale paa la kijivu, zito, lililoota ukungu wa kijani. Aghalabu huwa ni darasa, zahanati au nyumba ya wafanyakazi iliyojengwa miaka ya 1970 au 1980. Yamkini hilo ni paa la asbesto, na wiki hii nataka tuzungumze juu yake kwa sababu ya kidole gumba cha fundi mmoja.

Fundi huyo, kijana wa miaka thelathini na kitu, alifika kwenye kliniki yangu Jumatatu moja akiwa amejigonga kwa nyundo. Nilipokuwa nikimsafisha kidonda niliona nywele na nguo zake zimejaa unga wa kijivu. Nikamwuliza ametoka kazi gani.

"Tumeteremsha paa la shule, daktari. Mvua ya mawe ilikuwa imelitoboa."

Kila aishiye Gusii anaijua mvua hiyo. Kamati ilikuwa imepata pesa za mabati mapya, na ili kubana matumizi ikawaita wazazi Jumamosi. Wakapanda na nyundo, wakavunja na kutupa chini. Wanafunzi wakaokota vipande na kuvirundika nyuma ya vyoo. Vile vichache vilivyobaki vizima fundi akapewa kama nyongeza ya malipo, naye akaezekea kibanda cha kuku nyumbani kwake.

Nilipomweleza alichokuwa amekishika, aliomba nimpeleke akapigwe picha ya kifua siku hiyo hiyo. Nikamwambia ukweli: picha haitaonyesha kitu. Magonjwa ya asbesto huchukua kati ya miaka 20 na 40, wakati mwingine hata zaidi, kabla ya kujitokeza. Leo yeye ni mzima, na pengine atabaki mzima, kwa kuwa siku chache za vumbi si sawa na miaka ya kazi ya kiwandani. Lakini hakuna kiwango cha vumbi hilo ambacho wataalamu wamethibitisha kuwa ni salama. Na wale watoto waliobeba vipande wana miaka mingi zaidi ya kungoja kuliko yeye.

Nyuzi zisizoonekana

Asbesto ni madini yanayochimbwa ardhini, nayo huchambuka kuwa nyuzi kama pamba. Haiungui kwa moto na haiozi, ndiyo maana wajenzi waliipenda. Katika vipande vya kuezekea sehemu kubwa ni saruji. Asbesto yenyewe huwa kiasi cha asilimia 10 hadi 15. Maadamu kipande ni kizima, saruji hiyo huzishika nyuzi zisitoke. Paa zima si la kukimbiwa usiku, na wala sikutaki uache kulala nyumbani kwako. Mimi mwenyewe nilipokuwa daktari kijana nilikaa miaka mitatu chini ya paa kama hilo. Kosa langu ni kwamba nililitoboa tundu ili nipitishe waya wa runinga, tena kwa keekee, na vumbi nikalipangusa kwa kitambaa kikavu.

Ukivunja, ukikata kwa msumeno au ukisugua, nyuzi hutoka. Ni nyembamba mara nyingi kuliko unywele, hukaa hewani kwa saa nyingi, na ukizivuta hufika hadi ndani kabisa ya mapafu. Askari wa mwili wetu, zile chembechembe zinazokula uchafu, hujaribu kuzimeza na kushindwa kwa sababu ni ndefu. Vita hivyo huendelea miaka na mikaka. Pafu huota kovu na kuwa gumu, nao ni ugonjwa uitwao asbestosisi: mgonjwa huhema akipanda kilima alichokuwa akikipanda bila shida, hukohoa kikohozi kikavu, na ncha za vidole huweza kuvimba. Kwa wengine huzuka saratani ya mapafu, ya koo au ya ovari, au ile ya utando unaoyazunguka mapafu, iitwayo mesotelioma, ambayo mpaka sasa ni vigumu sana kuitibu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya 200,000 hufa kila mwaka kutokana na asbesto waliyokutana nayo kazini.

Ukidhani ni habari ya wachimba madini tu, sikiliza haya. Mwaka 1960 daktari Wagner na wenzake wa Afrika Kusini walieleza habari za wagonjwa 33 wa mesotelioma kutoka eneo la migodi ya Cape. Baadhi yao hawakuwahi kufanya kazi mgodini. Waliishi tu karibu nayo wakiwa watoto. Kwingineko wamepatikana wanawake walioupata ugonjwa huo kwa kufua nguo za kazi za waume zao. Nilimwuliza fundi wangu ni nani aliyemfulia zile za Jumamosi. Akainamisha kichwa.

Kwa mvuta sigara mambo huwa mabaya zaidi. Uchunguzi mmoja wa wafanyakazi wa Marekani, uliochapishwa 1979, ulionyesha kwamba asbesto peke yake iliongeza hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu mara 5 hivi, sigara peke yake mara 11, na vyote viwili pamoja zaidi ya mara 50. Kama uliwahi kufanya kazi hii, dawa ya kwanza ninayokupa ni kuzima sigara.

Tahadhari moja hapa. Ukikohoa zaidi ya majuma mawili, usikimbilie kulaumu paa. Nenda makohozi yapimwe kifua kikuu, na kama umeanzishiwa dawa zake usiziache. Ila mwambie daktari kazi zote ulizowahi kufanya, hata za ujanani. Wengi wetu madaktari tunasahau kuuliza. (Vumbi la mawe ya sabuni kule Tabaka nalo lina kisa chake, lakini tutakieleza siku nyingine.)

Akina mama huniuliza zaidi kuhusu maji ya mvua. Hatari kubwa ya asbesto ni kuivuta kwa pumzi. Shirika la Afya Duniani halijapata ushahidi thabiti kwamba kuinywa katika maji huleta saratani. Kwa hiyo usimwage tangi lako kwa hofu. Ila usimpandishe kijana kusugua ukungu wa paa kwa brashi ya waya ili maji yawe safi. Hapo ndipo utakapojitafutia balaa, na isitoshe vipande hivyo vikizeeka huvunjika ghafla mtu akivikanyaga. Nimeshawahi kumpokea mmoja aliyepitiliza hadi sakafuni.

Nani ateremshe?

Kenya ilipiga marufuku asbesto mwaka 2006, na kanuni za taka za mwaka huo huo zinaihesabu kuwa taka hatari. Maana yake ni kwamba huwezi kuibeba kwa lori la mchanga na kuitupa bondeni. Anayeisafirisha lazima awe na leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMA. Kabla hujagusa msumari, nenda kwenye ofisi yao ya kaunti uulize ni nani aliyeruhusiwa, na taka itazikwa wapi.

Wenye ujuzi hulilowesha paa kwanza ili vumbi lisiruke. Hufungua skurubu bila kuvunja, huteremsha kipande kimoja kimoja kwa mkono, hukifunga kwa nailoni nzito na kukiandika alama ya hatari. Huvaa nguo za kuvaliwa mara moja na kinyago maalumu. Barakoa za kitambaa tulizozizoea mwaka 2020 hazizuii nyuzi hizi. Hakuna anayefagia pakavu, na hakuna mtoto karibu.

Ni gharama, sitakuficha. Ninaelewa kamati ya wazazi wakulima ikisita. Lakini naona ni makosa kupanga bei ya mabati mapya na kuacha bei ya kuondoa ya zamani, kana kwamba hayo yatajiondoa. Iandikeni katika bajeti tangu siku ya kwanza. Ikiwa pesa hazijapatikana na paa ni zima, liacheni lilivyo.

Yule fundi alirudi baada ya juma moja kutolewa nyuzi za kidole. Alikuwa amemwendea mwalimu mkuu, na lile rundo la nyuma ya vyoo sasa limeloweshwa, limefunikwa kwa turubai na kuzungushiwa seng'enge. Akaniuliza habari ya kibanda chake cha kuku, je, akibomoe usiku watu wasimwone? Nikamwambia asikiguse, awahamishe kuku, na avitaje vipande vyake pamoja na vya shule siku wenye leseni watakapofika.