Manono: Plaketi mpya za freni haziponyi etriye iliyokwama

Kiangazi, vumbi jekundu la Manono linapanda juu ya kila gari linalopita. Mvua zikianza, vumbi hilohilo linageuka tope. Vyote viwili vinaingia ndani ya magurudumu, na huko ndiko freni zinakofanyia kazi.

Katika mji huu wa jimbo la Tanganyika, uliojulikana zamani kwa bati na leo kwa lithiamu, vipuri vinatoka mbali: Lubumbashi iko zaidi ya kilomita 500 upande wa kusini. Si ajabu basi mwenye gari kubadilisha plaketi mwenyewe, uani kwake. Kazi hiyo inawezekana. Hatari ni kubadilisha plaketi tu na kuiacha etriye jinsi ilivyo.

Etriye ndiyo inayobana plaketi juu ya disiki. Kwenye gari ndogo nyingi inateleza juu ya pini mbili zilizofunikwa na mipira. Mpira ukipasuka, maji na udongo vinaingia, pini inashika kutu na etriye inakwama. Hapo plaketi moja inaisha mbele ya mwenzake, gurudumu linakuwa moto, na gari linavuta upande mmoja dereva akikanyaga freni. Anayeweka plaketi mpya bila kugusa pini hizo atazinunua tena mapema.

Kazi inaanzia chini. Gari lisimame mahali pagumu, mawe yawekwe kwenye magurudumu yanayobaki chini, na nati zilegezwe kabla ya kupandisha kriki. Kriki peke yake haiaminiki: stendi au gogo nene liwekwe chini ya gari.

Etriye ikifunguliwa, ifungwe kwa waya. Isiachwe ining'inie kwenye bomba lake la mpira. Vumbi la freni lipanguswe kwa kitambaa chenye maji, lisipulizwe kwa mdomo, kwa sababu plaketi za zamani zinaweza kuwa na asbesto, ambayo inaharibu mapafu. Pini zitolewe, zisuguliwe mpaka zing'ae, zipakwe girisi ya freni, kisha zijaribiwe kwa mkono: zinapaswa kuteleza bila kulazimishwa. Mafuta ya injini, mazuti na girisi ya kawaida havifai, kwani vinavimbisha mipira.

Kabla ya kurudisha pistoni ndani, kifuniko cha chupa ya mafuta ya freni kifunguliwe, na pistoni isukumwe polepole. Ikikataa, au ikivuja, kazi hiyo ni ya fundi. Etriye za mbele za Land Cruiser na Hilux nyingi hazitelezi: zina pistoni nne, na zote zinatakiwa kurudi sawasawa.

Plaketi hubadilishwa pande zote mbili za ekseli moja. Zikibaki na unene wa milimita 3, muda wake umekwisha. Kinachoongezwa kwenye chupa ni mafuta ya freni ya namba iliyoandikwa juu ya kifuniko, kama DOT 3 au DOT 4. Si maji ya sabuni. Maji ndani ya freni yanachemka zikipata moto, yanakuwa mvuke, na pedali inazama bila kusimamisha gari.

Mwisho, pedali ikanyagwe mara nyingi kabla ya kuwasha gari, mpaka iwe ngumu. Anayesahau hatua hii anatoka uani bila freni, na anayekutana naye kwanza ni mtoto au mtu wa kinga barabarani.

Baada ya safari fupi ya kwanza, mkono usogezwe karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Moja likiwa na moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, etriye yake bado imekwama, na gari lisiende mbali kabla haijafunguliwa tena.