Tansiyo ya mimba: tusidanganyike na chumvi wala maji



Tukizungumza juu ya tansiyo ya mimba, swali ni lilelile: «Niache chumvi?» Leo tuangalie chumvi iliyo ndani ya damu, inayoitwa sodiamu.

Pre-eklampsia ni tansiyo inayopanda baada ya juma la 20 la mimba na kufika 140/90 au zaidi, mara nyingi pamoja na protini ndani ya mkojo. Ikifika 160/110, ni kali. Mama anaweza kushikwa na kifafa cha mimba, akafa yeye na mtoto. Si ulozi, wala si mashetani.

Kwa wamama wengine wenye pre-eklampsia kali, sodiamu inashuka. Kwa mtu asiye na mimba, kipimo cha kawaida ni 135 mpaka 145. Mimba yenyewe huishusha kidogo. Ikiwa chini ya 130, ni alama ya hatari. Mama anaumwa kichwa, anatapika, anachanganyikiwa. Ikishuka sana, hiyo nayo inaleta kifafa. Mtoto aliye tumboni hushuka pamoja na mama yake.

Je, mama huyo alikula chumvi kidogo? Mara nyingi sivyo. Chukua sufuria ya mchuzi uliokolea, uongeze maji: chumvi haikutoka, lakini mchuzi umepooza. Ndivyo ilivyo kwa damu, maana katika ugonjwa huu mwili unashika maji kupita kiasi.

Kwa hiyo kumpa chumvi nyingi hakumponyi. Kumnywesha maji bidoni nzima «ili damu isafike» kunaweza kumzidishia hatari. Daktari akisema maji yapimwe, jamaa wanaomlinda hospitalini wafuate kipimo hicho, hata kwa chai na juisi. Dawa ya kuzuia kifafa ni sulfati ya magnesiamu. Ugonjwa wenyewe huanza kupona mtoto akishazaliwa.

Na wewe mwenye mimba ambaye hujaambiwa neno na daktari? Kula chumvi ya kiasi, kunywa maji ukiwa na kiu. Shirika la Afya Duniani halishauri kukataza chumvi ili kuzuia pre-eklampsia. Linashauri kalsiamu kwa wamama wasioipata ya kutosha katika chakula. Ndakala na sambaza zinazoliwa na mifupa yake zinayo.

Kimbia kituo cha afya, hata usiku, ukiona:
– kichwa kinauma sana, hakitulii;
– macho yanaona giza au vimulimuli;
– maumivu juu ya tumbo, chini ya mbavu za kuume;
– uso na mikono vinavimba ghafla.

Kuwa macho pia katika majuma ya kwanza baada ya kuzaa. Mama akishikwa na kifafa, mlaze kwa ubavu wa kushoto, usimtie kitu mdomoni, mpeleke hospitalini mara moja.

Kwenye CPN, usitoke bila kupimwa tansiyo na mkojo. Kama tansiyo ni kali, uliza: «Mnaweza kupima na sodiamu?» Si kila kituo kina mashine hiyo, pengine mtatumwa hospitali kubwa. Ndiyo maana kila likelemba ingetenga akiba ndogo ya usafiri wa mama mjamzito. Muanze kwenye mkutano ujao.