Muhogo unapofunga miguu

Ukipita Kariakoo jioni, muhogo wa kukaanga na pilipili lazima ukuite! Kula tu, huo ni muhogo mtamu, sumu yake ni kidogo. Wa kuogopa ni muhogo mchungu usioandaliwa vizuri.

Mwaka 1985 wilaya ya Tarime ilikumbwa na ukame. Kwa njaa, watu walifupisha siku za kuandaa muhogo. Ghafla, hasa watoto na akina mama, wakapooza miguu yote miwili. Wewe ungesema wamerogwa, siyo?

Dk. William Howlett wa hospitali ya KCMC, Moshi, na Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe, Dar es Salaam, walichunguza pamoja na wenzao. Mwaka 1990 walitoa jibu: ni konzo, ugonjwa uliojulikana Kongo tangu 1938. Jina hilo maana yake ni miguu iliyofungwa.

Inakuwaje? Misuli haijiendeshi. Seli za neva za ubongo hutuma amri kwenye uti wa mgongo, na seli nyingine huifikisha kwenye misuli. Konzo huharibu zile za juu. Misuli ipo, lakini inakakamaa, na hakuna dawa ya kuirudisha.

Sumu yenyewe ni sayanaidi. Mwili huiondoa kwa kutumia salfa inayotoka kwenye protini. Ugali wa muhogo bila dagaa wala samaki, salfa itatoka wapi?

Kwa hiyo ukienda kijijini likizo, wakumbushe: menya, loweka siku 3, anika mpaka ukauke, ndipo usage. Hapa njia ya mkato haifai!