Mwanagenzi Naye Aulize



Mwaka 2009 One Laptop per Child, shirika la Marekani lisilotafuta faida, lilituma vikundi vya wanafunzi wa vyuo vikuu katika shule za Afrika. Mafunzo yao yalifanyika Kigali, Rwanda. Kila kikundi kilipewa kompyuta 100 za watoto na fedha zisizozidi dola 10,000. Muda ulipokwisha wageni walirudi kwao. Mashine zikabaki.

Sisi tunasema kujifunza kazi ni jambo jema. Lakini kabla ya kutia sahihi, mwanagenzi aulize: nauli na chakula analipa nani? Akiumia, atamtibu nani? Na mwalimu anayeachiwa mashine aulize: saa za ziada zitahesabiwaje? Majibu yaandikwe. Ahadi ya mdomo ni ngumu kuithibitisha.