Safari za Meli za Kitalii: Kipi Kinunuliwe kwa Kampuni ya Meli, Kipi Msafiri Ajipangie Mwenyewe

Mnamo Machi 27, 2024, abiria wanane wa meli ya kitalii ya Norwegian Dawn waliachwa katika kisiwa cha São Tomé, Ghuba ya Guinea, baada ya ziara binafsi waliyoilipia kisiwani humo kuchelewa kuwarejesha. Meli hiyo ilikuwa katika safari ya kutoka Cape Town, Afrika Kusini, kwenda Barcelona, Hispania, na abiria wote walitakiwa wawe wamerudi ifikapo saa 9:00 alasiri. Walinzi wa pwani waliwachukua kwa boti hadi ilipokuwa meli, lakini hawakuruhusiwa kupanda. Pasipoti zao zilikuwa zimekwisha kukabidhiwa kwa wakala wa meli bandarini.

Kuanzia hapo, kila hatua ikawa juu yao. Walisafiri kupitia nchi kadhaa hadi Banjul, Gambia, wakitarajia kuipata meli huko, lakini hali ya hewa na maji kupwa viliizuia meli kufunga gati. Wakaendelea kwa barabara hadi Dakar, Senegal, ambako hatimaye waliipanda mwanzoni mwa Aprili. Baadaye kampuni ilieleza kuwa ingewarudishia gharama za safari ya kutoka Banjul hadi Dakar. Gharama za kutoka São Tomé hadi Banjul hazikuingizwa katika fidia hiyo.

Tukio hilo linaonesha kwa uwazi tofauti iliyopo kati ya kununua huduma za safari kwa kampuni ya meli na kujipangia mwenyewe. Tofauti hiyo inahusu bei, lakini zaidi ya hapo inahusu nani anabeba hasara jambo linapoharibika. Kwa raia wa Afrika Mashariki, ambaye huhitaji viza katika nchi nyingi ambazo meli hizi hupita, kuachwa bandarini kunaweza kuwa na uzito mkubwa zaidi.

Safari moja, manunuzi matatu

Watu wengi huichukulia safari ya meli ya kitalii kuwa kitu kimoja kinachonunuliwa mara moja. Kwa hakika ina sehemu tatu, na kila sehemu inaweza kununuliwa kwa njia yake. Ya kwanza ni nafasi yenyewe melini, yaani chumba, chakula na usafiri wa baharini. Ya pili ni namna ya kuifikia meli na kurudi nyumbani: tiketi za ndege, hoteli na usafiri wa kutoka uwanja wa ndege hadi bandarini. Ya tatu ni ziara za nchi kavu katika kila bandari ambayo meli husimama.

Uamuzi mzuri hauanzi kwa kuuliza kama ni bora kujipangia kila kitu au kuiachia kampuni kila kitu. Huanza kwa kuziangalia sehemu hizo moja moja, kwa kuwa hatari ya kila moja ni tofauti.

Nafasi melini

Chumba huweza kununuliwa moja kwa moja kwa kampuni ya meli au kupitia wakala wa safari. Kwa kawaida wakala hulipwa kamisheni na kampuni ya meli, hivyo nauli haitofautiani sana kwa njia hizo mbili. Kinachotofautiana ni nani mwenye mamlaka juu ya nafasi hiyo. Aliyenunua moja kwa moja hufanya mabadiliko yeye mwenyewe. Aliyenunua kupitia wakala mara nyingi huelekezwa kurudi kwa wakala huyo kila anapotaka kubadilisha tarehe, jina au chumba, hata kama amewapigia simu wenye meli.

Wakala mzoefu anaweza kumsaidia msafiri wa mara ya kwanza kuchagua chumba, kuelewa masharti ya malipo na kupanga mapema maombi ya viza. Hata hivyo, kabla ya kutoa fedha, mwananchi anapaswa kujiridhisha kuwa wakala huyo amesajiliwa. Kwa Tanzania Bara, biashara ya uwakala wa utalii huendeshwa kwa leseni ijulikanayo kama TALA, chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008. Nchini Kenya, leseni hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2011. Baada ya malipo ya awali, msafiri adai namba ya uthibitisho iliyotolewa na kampuni ya meli yenyewe, kisha aihakiki katika tovuti ya kampuni hiyo. Risiti ya wakala peke yake si uthibitisho kwamba chumba kipo.

Jambo jingine ni kusoma masharti ya kughairi. Kadiri siku ya kuondoka inavyokaribia, kiasi kinachorejeshwa hupungua, na katika siku za mwisho nauli yote huweza kupotea.

Ndege ya kuifikia meli

Hapa ndipo wasafiri wengi kutoka ukanda huu hukumbana na hatari kubwa. Msafiri wa Dar es Salaam au Nairobi anayekwenda kupanda meli Barcelona au Miami hulazimika kubadili ndege njiani, iwe Addis Ababa, Doha, Istanbul au kwingineko. Kila mahali pa kubadili ndege ni nafasi nyingine ya kuchelewa, ilhali meli haingoji ndege.

Kampuni nyingi za meli huuza tiketi za ndege pamoja na nauli ya meli. Faida yake ni kwamba ndege ikichelewa, kampuni inajua abiria wake yuko wapi na hushughulikia namna ya kumfikisha melini au katika bandari inayofuata. Hasara yake ni kuwa msafiri hana uhuru mkubwa wa kuchagua shirika la ndege, saa za safari au mahali pa kupumzika njiani, na bei yaweza kuwa juu.

Anayejikatia tiketi mwenyewe anapata uhuru huo, lakini anapaswa kujilinda kwa njia tatu. Kwanza, afike katika mji wa bandari angalau siku moja kabla ya meli kuondoka. Gharama ya hoteli ya usiku mmoja ni ndogo kuliko nauli nzima ya meli. Pili, safari yote ya ndege iwe katika tiketi moja. Mtu akinunua tiketi mbili zisizohusiana na ndege ya kwanza ikachelewa, shirika la ndege ya pili halina wajibu wa kumpatia nafasi nyingine bila malipo. Tatu, siku ya kurudi asikate ndege ya asubuhi mapema, kwa kuwa kushuka melini na kupita uhamiaji huchukua saa kadhaa.

Ifahamike pia kuwa aliyeikosa meli hawezi kuidandia popote apendapo. Nchini Marekani, kwa mfano, sheria ya mwaka 1886 ya vyombo vya kubeba abiria inazuia meli zenye bendera ya nchi za kigeni kusafirisha abiria kati ya bandari mbili za Marekani, isipokuwa kwa masharti maalumu. Hivyo, abiria aliyeikosa meli katika bandari ya kwanza anaweza kukataliwa kuipanda katika bandari nyingine ya nchi hiyo, hata kama ana fedha za kumfikisha huko.

Viza na chanjo ni jukumu la msafiri

Kuna imani kwamba anayenunua kila kitu kwa kampuni ya meli hutafutiwa pia viza. Si kweli. Mikataba ya kampuni za meli humwachia abiria jukumu la hati zote za safari, na asiyekamilika huzuiwa kupanda bila kurejeshewa nauli.

Kosa la kawaida ni kuomba viza ya kuingia mara moja tu. Safari inayoanzia Athens, Ugiriki, ikapita Kuşadası, Uturuki, na kurudi Athens, humtoa msafiri katika eneo la Schengen na kumrudisha humo. Kwa safari ya namna hiyo inahitajika viza ya Schengen ya kuingia zaidi ya mara moja, na masharti ya Uturuki nayo yatazamwe peke yake. Mwombaji wa viza ya Schengen anatakiwa pia kuwa na bima ya matibabu ya angalau euro 30,000.

Kuhusu afya, nchi kadhaa hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa wanaotoka au kupita katika nchi zenye hatari ya ugonjwa huo. Cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu Julai 2016 hudumu kwa maisha yote ya mwenye nacho. Asiyechanja asisubiri wiki ya mwisho.

Ziara za nchi kavu

Ziara zinazouzwa na meli huwa ghali zaidi, na mara nyingi hufanywa kwa makundi makubwa ya mabasi. Lakini zina kinga moja muhimu: basi la ziara ya meli likichelewa, meli huwasubiri abiria wake, au kampuni hugharamia safari yao hadi bandari inayofuata. Meli ikishindwa kusimama katika bandari fulani, fedha za ziara hiyo hurejeshwa. Na pale ambapo abiria hushushwa kwa mashua, walionunua ziara za meli kwa kawaida hutangulia.

Ziara binafsi zina mvuto wake. Familia ya watu wanne inaweza kukodi gari moja kwa bei iliyo chini ya tiketi nne za meli, ikachagua pa kwenda na kukaa kwa muda inaoutaka. Fedha hizo pia huwafikia moja kwa moja madereva, waongoza watalii na wenye migahawa wa mahali hapo. Hatari yake ni ileile iliyowapata abiria wa São Tomé: muda ukipita, meli huondoka.

Njia ya busara ni kupima umbali. Kwa matembezi yanayofanyika karibu na bandari, kujipangia mwenyewe kuna hatari ndogo. Kwa safari ya mbali, yenye barabara moja tu, kivuko au msongamano, ziara ya meli ina thamani inayolingana na bei yake. Kwa namna yoyote, anayejipangia apange kurudi bandarini saa mbili kabla ya muda wa mwisho, abebe nakala ya pasipoti, dawa zake, kadi ya benki na namba ya simu ya wakala wa meli wa bandari hiyo, ambayo huandikwa katika ratiba ya kila siku melini.

Wajibu wa watoa huduma wa pwani yetu

Suala hili halimhusu tu mwananchi anayesafiri. Meli za kitalii hufika Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa, na abiria wengi hushuka bila kuwa wamenunua ziara ya meli. Anayewachukua hubeba dhamana ya kuwarejesha kwa wakati.

Mgeni anayeondoka Mji Mkongwe kwenda Nungwi ana zaidi ya kilomita 50 za kwenda na nyingine kama hizo za kurudi. Anayetoka bandari ya Mombasa kwenda Diani kupitia Likoni anategemea kivuko. Mwongoza watalii mwenye leseni na anayejua barabara hizo anapaswa kumweleza mgeni ukweli kabla ya kupokea malipo, hata ikibidi kumshauri ziara fupi zaidi.

Saa nazo zahitaji uangalifu. Meli huweza kufuata saa yake yenyewe, isiyolingana na saa ya nchi ilipotia nanga. Zaidi ya hapo, saa ya Kiswahili huhesabiwa tofauti na ya wageni: dereva akiambiwa kwa Kiingereza saa tatu alasiri, hiyo ni saa tisa. Ni vyema pande zote mbili zitazame saa moja kwa pamoja na kuandika muda wa kurudi kwa tarakimu kabla gari halijaondoka.

Bima na uamuzi wa mwisho

Kwa njia yoyote itakayochaguliwa, bima ya safari ni ya lazima kiakili hata pale isipokuwa ya lazima kisheria. Matibabu katika zahanati ya meli hulipiwa, na gharama huingizwa katika hesabu ya chumba. Msafiri hudai kwa bima yake baadaye. Msafiri ahakikishe kuwa bima yake inataja safari za baharini, kuikosa meli kwa sababu ya ndege kuchelewa, na kusafirishwa kwa dharura kutoka melini.

Asome pia mkataba unatawaliwa na sheria ya nchi gani. Katika Umoja wa Ulaya, Maelekezo Na. 2015/2302 yanamtaka muuzaji wa safari ya kifurushi, kama vile ndege na meli kwa pamoja, awajibike kwa huduma zote zilizomo na awe na dhamana ya kurejesha fedha iwapo atafilisika. Aliyenunua ndege mahali pamoja na meli mahali pengine, kwa mikataba tofauti, kwa kawaida hana kinga hiyo kamili.

Kwa msafiri wa mara ya kwanza, mwenye viza ya muda mfupi na fedha kidogo za dharura, kununua ndege na ziara za mbali kwa kampuni ya meli ni uamuzi wa tahadhari unaostahili gharama yake. Kwa mzoefu mwenye muda wa kutosha, kujipangia ndege na matembezi ya karibu huokoa fedha. Wananchi wanashauriwa kuandika gharama za njia zote mbili kabla ya kulipa, na mbele ya kila gharama waandike jina la atakayelipa iwapo mpango utavunjika. Pale jina hilo linapokuwa la msafiri mwenyewe, ahakikishe kuwa uwezo huo anao.