TUMEISHI KINYUMBA: TUTAONYESHA NINI UBALOZINI?



Tukitembelea vikundi vya Diani, Ukunda na Msambweni, swali hili hatulikosi: "Nimekaa na mwenzangu miaka, sasa yuko ng'ambo na anataka nimfuate. Nitaaminiwa vipi?"

Mama mmoja wa Ukunda aliishi na mzungu miaka mitatu katika nyumba ya kupanga. Bwana aliporudi kwao, fomu ya viza ikadai ushahidi. Mkataba wa nyumba ulikuwa na jina la bwana peke yake. Risiti za stima mama alikuwa amewashia jiko. Picha zilikuwa kwenye simu iliyoibiwa. Miaka mitatu, na karatasi hata moja hana! Ombi likakataliwa.

Sheria yetu inasemaje?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, na zote ziandikishwe. "Njoo tukae" haimo. Mahakama yaweza kuwahesabu wawili kuwa mume na mke, lakini tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema hilo si jambo la kawaida. Lazima wawe wameishi pamoja muda mrefu, wawe huru kuoana, wawe walikusudia na kukubaliana kuoana, na watu wawe wanawajua kama mume na mke. Mzigo wa kuthibitisha ni wa yule anayedai.

Nchi za nje je?

Kila nchi ina desturi yake. Kanada huwakubali walioishi pamoja mfululizo kwa mwaka 1. Mgeni wa kuja Diani wiki mbili kila Krismasi hajatimiza hilo. Uingereza hutaka uhusiano wa miaka 2 unaofanana na ndoa. Tangu 31 Januari 2024 si lazima muwe mmeishi nyumba moja muda huo wote, lakini mtaeleza kwa nini mliishi mbalimbali. Kwa Ujerumani, kuishi kinyumba pekee hakumpi mtu viza ya mwenzi. Hutakiwa ndoa, na kwa kawaida cheti cha Kijerumani cha kiwango cha A1.

Kwa hiyo ukiwa umeoana kwa kadhi, kanisani, kwa mila au kwa msajili, usijiite wa kinyumba. Tafuta cheti chako.

Weka nini sandukuni?

1. Mkataba wa nyumba wenye majina yenu wawili, na risiti za kodi, maji na stima.
2. Taarifa za benki na za M-Pesa zinazoonyesha mnavyosaidiana.
3. Pasipoti zenye mihuri ya kuingia na kutoka, na tiketi za safari.
4. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kama wapo.
5. Picha za miaka mbalimbali, pamoja na jamaa. Nyuma andika tarehe na mahali.
6. Barua ya chifu, na maelezo ya majirani wanaowajua.
7. Hati ya kiapo iliyotiwa sahihi mbele ya wakili au kamishna wa viapo.

Kiapo peke yake ni kama jiwe moja la jiko: chungu hakikai. Karatasi zisaidiane, na tarehe zisipingane.

Tahadhari jamani

Msinunue barua wala risiti kwa broka. Kanada humfungia mdanganyifu miaka 5, na Uingereza yaweza kumfungia miaka 10. Pasipoti yako usimwachie mtu. Na sheria hizi hubadilika, basi ulizeni ubalozi wenyewe kabla ya kulipa.

Sisi twahimiza ndoa halali, lakini mwenye shida hatumfungii mlango.

Mjadiliane kikundini

- Nani kati yetu ana mkataba wa nyumba wenye jina lake?
- Nyumba ikiungua leo, nakala za karatasi zetu ziko wapi?
- Mwenzako asiporudi, utathibitishaje haki yako hapa hapa nyumbani?